Mwalimu Zabibu na Mwezi Uliolala Chali

Watu wakiniuliza nani alinifanya mwalimu wa sayansi, hutarajia nitaje chuo au shahada. Mimi humtaja mwanamke mmoja wa Majengo, mjini Nyeri, binti wa fundi viatu, aliyekuwa akijifunga kitambaa cheupe kichwani na kutembea haraka kama mtu anayekimbizana na mvua. Jina lake Zabibu Abdulkadir. Sehemu kubwa ya maisha yake alinisimulia mwenyewe, nyingine niliisikia kwa mzee Moffat Kihara, aliyekuwa mwalimu mkuu wake, na ya mwisho niliiona kwa macho yangu.

Baba yake, Abdulkadir Salim, alikuwa na karakana ya viatu mbele ya nyumba yao. Askari, mahamali na wenye maduka, wote walimletea viatu vyao. Lakini watu wa Majengo walimheshimu kwa jambo jingine. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, wazee walimtaka awe miongoni mwa wale wa kuwasikiliza watu waliodai kuuona mwezi. Nyeri si mji rahisi kwa kazi hiyo. Ukungu hushuka, mawingu hukaa juu ya Nyandarua upande wa magharibi kama blanketi, na mwezi mchanga huonekana kwa muda mfupi tu kabla ya kuzama.

Zabibu, akiwa mtoto mdogo kabla ya miaka ya Hali ya Hatari, alikaa kwenye kigoda nyuma ya baba yake na kusikiliza. Jioni moja alikuja kijana mmoja, muuza nyama, akihema.

"Mzee, mwezi umeandama! Nimeuona!"

"Alhamdulillahi," alisema Abdulkadir bila kuacha kushona. "Ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale juu, njia ya kwenda sokoni."

"Na mwezi wenyewe ulikuwa upande gani wa jua lilipozama?"

"Juu yake kidogo."

"Pembe zake zilitazama wapi?"

Kijana akainua mkono, akachora hewani mwezi uliosimama wima, mgongo upande mmoja na pembe upande wa pili. Abdulkadir akaweka sindano chini. Ukutani palikuwa na kalenda ya duka moja, yenye mwezi na nyota, na mwezi wake ulisimama vivyo hivyo.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "huo umeuona kwenye kalenda. Mwezi wetu hapa hulala chali, kama bakuli linalongoja uji. Rudi nyumbani, kesho tutatazama tena."

Zabibu hakuusahau upole ule. Baba yake hakumwita kijana mwongo. Alimwambia baadaye kwamba kijana yule huenda aliona wingu lenye mwanga, na moyo wake uliotamani mwezi ukammalizia kazi. "Jicho husaidiwa na tamaa," alisema. "Ndiyo maana tunamuuliza mtu maswali, hata kama tunampenda."

Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya kwanza ya sayansi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Alipomaliza masomo, akiwa mmoja wa mabinti wachache wa Majengo waliofika mbali kiasi hicho, alijiunga na chuo cha walimu. Miaka michache baada ya uhuru akapelekwa kufundisha shule ya msingi huko Mukurweini, kati ya mashamba ya kahawa na migomba.

Mwalimu mkuu pale alikuwa Moffat Kihara. Alikuwa mrefu, mkimya, suti yake ya kijivu ilipigwa pasi hata siku ya Jumamosi. Walimu wengine walimwogopa. Zabibu alisema kwamba hata yeye alimwogopa, mpaka alipojua alikotoka.

Kihara alibaki yatima akiwa mtoto, na katekista mmoja wa misheni akamchukua na kumlea. Katekista huyo hakuwa na mali ila vitabu vichache, na kila jioni alimtaka mtoto akariri ukurasa mzima. Akikosa neno moja, anarudi mwanzo. Kihara hakukumbuka jambo hilo kwa uchungu. Vitabu vile vilimtoa kwenye kuchunga mbuzi wa watu, vikampa kazi, vikampa mke, vikampa jina mbele ya watu. Alivishika kwa mikono miwili, kama unavyomshika mtu aliyekuvuta kutoka mtoni. Kwake, elimu ilikuwa kitu unachokabidhiwa kikiwa kizima, nawe unakikabidhi kikiwa kizima.

Wakati huo wizara ilikuwa imeanza kusukuma sayansi mpya shuleni, sayansi ya kushika na kutenda badala ya kukariri tu. Zabibu aliipenda mara moja. Mwezi wa Julai aliwaambia watoto wa darasa la sita watazame mwezi mchanga kila jioni kwa wiki moja, na kila asubuhi walete mchoro wa walichokiona.

Julai ya Mukurweini kila mtu anaijua. Baridi, manyunyu, na anga iliyofunikwa kuanzia alfajiri. Wiki nzima Zabibu mwenyewe alitazama bila kuona kitu, ila dakika chache za jioni moja mawingu yalipopasuka. Lakini watoto walileta michoro kila asubuhi, mizuri, misafi, na kila mwezi ulisimama wima kama ule wa kwenye kitabu chao cha sayansi.

Msichana mmoja tu, Murugi, alileta karatasi zenye neno moja, "mawingu". Kisha siku moja akaleta mwezi. Mwezi wake ulilala chali, pembe zikitazama juu.

"Uliuona wapi?" Zabibu alimuuliza.

"Nilikuwa natoa ng'ombe kule juu kwa shamba ya guka, babu yangu, Mwalimu. Mawingu ikafunguka kidogo, halafu ikafunga."

"Na pembe zake zilitazama juu hivi?"

Mtoto alisita. Aliangalia michoro ya wenzake iliyobandikwa ukutani, akaona yeye yuko peke yake. Machozi yakamlengalenga, lakini akasema, "Juu, Mwalimu. Ilikuwa kama bakuli."

Zabibu alimpa alama zote. Kwa bahati mbaya, au nzuri, mwalimu mkuu alipita darasani siku hiyo kukagua. Alisimama mbele ya mchoro wa Murugi muda mrefu. Kengele ya chai ilipolia, alimwita Zabibu ofisini.

"Mwalimu Zabibu, huyu mtoto amechora bakuli, na wewe umempa alama zote."

"Amechora mwezi, Bwana Kihara."

"Kitabu iko na picha ya mwezi." Alikifungua, akamwonyesha kwa kidole. "Watoto wengine wote wamefuata. Ati huyu mmoja ndiye anajua kuliko kitabu?"

"Wengine wote walichora mwezi jioni ambazo hakuna mtu aliyeuona mwezi. Wewe ulikuwa hapa wiki nzima. Uliona anga?"

Kihara alikifunga kitabu polepole.

"Samahani nikiuliza," Zabibu aliendelea, naye aliniambia aliogopa, kwa kuwa alikuwa mgeni, mwanamke, na Mwislamu pekee katika shule ile. "Wewe mwenyewe umeuona mwezi mchanga mara nyingi. Pembe zake hutazama wapi?"

Mwalimu mkuu alisimama. Alitazama dirishani. Mtu mwingine angekasirika, na alikuwa na cheo cha kutosha kukasirika. Lakini Moffat Kihara alikuwa mtu wa haki.

"Sijui," alisema hatimaye. "Nimeuona miaka yangu yote, na sijui. Mwezi mwingine ukifika, niite."

Mwezi uliofuata ulipokaribia, walikwenda wote wawili na watoto wa darasa la sita kwenye uwanja wa mpira, jua lilipokuwa linazama. Jioni ya kwanza hawakuona kitu, wakatawanyika wakipuliza mikono kwa baridi. Jioni ya pili upepo ulifagia anga upande wa Nyandarua, na Murugi akawa wa kwanza kunyoosha kidole. Pale ulikuwa, mwembamba kama ukucha, umelala chali.

Kihara alivua kofia.

"Umelala kweli," alisema. Kisha akamgeukia msichana. "Murugi, ulichora vizuri. Nilikuwa nataka kufuta ile alama yako, na ningekuwa nimekosa."

Zabibu alirudi nyumbani jioni hiyo akiimba. Alidhani jambo limekwisha: baba yake fundi viatu alikuwa sahihi, kitabu kilikosea, basi. Kesho yake asubuhi alimkuta Kihara akimngoja kwenye baraza, macho mekundu kama mtu ambaye hakulala vizuri.

"Mwalimu, nina swali moja inanisumbua. Yule aliyeandika kitabu, alidanganya?"

"Alikosea tu, Bwana Kihara."

"Hapana. Mtu hachapishi picha ya mwezi bila kuona mwezi. Huyo mtu aliona. Wewe umeona, Murugi ameona, na yeye ameona. Sasa alikuwa amesimama wapi?"

Zabibu aliketi kando yake. Aliniambia kwamba swali hilo lilimshtua kuliko mwezi wenyewe. Kwa baba yake alijifunza kumtambua shahidi wa kweli na shahidi aliyedanganywa na jicho lake. Hakuwahi kufunzwa la kufanya mashahidi wawili wakiwa wakweli na maneno yao yakapingana. Aliyelifikia swali hilo alikuwa yule mtu wa vitabu, kwa sababu alivipenda mno hata akakataa kuvitupa.

Kihara alichimba. Alitoa vitabu vya jiografia vilivyolala kabatini tangu enzi za wakoloni. Alinunua chungwa, akachomeka vijiti viwili vya kiberiti: kimoja karibu na juu, kimoja katikati kabisa, kikiwa kimetokeza ubavuni. Akawasha taa mezani. Siku alipoelewa, alikuja darasa la sita mwenyewe, chungwa mkononi.

"Huyu wa juu ni Mwingereza," aliwaambia watoto. "Huyu wa katikati ni mtu wa Mukurweini. Angalieni miguu yao. Wamesimama sawasawa, kila mmoja kwake, lakini mmoja ni kama amelala ukimlinganisha na mwenzake. Sasa wote wawili wanatazama mwezi mmoja. Utakuwa sawa machoni mwao?"

"La!" watoto walipiga kelele.

"Mwezi haujageuka. Ni sisi tumesimama tofauti."

Zabibu alikuwa amesimama nyuma ya darasa. Alisema alitamani baba yake angekuwapo aone somo lile. Likizo ilipofika alimwalika Kihara Majengo, na wazee hao wawili, Mwislamu na Mkristo, walikaa katika harufu ya ngozi na gundi wakizungusha chungwa mpaka chai ikapoa. Abdulkadir alicheka, akasema sasa ameelewa kwa nini aliyechora kalenda alichora vile. Maskini alikuwa anauchora mwezi wa kwao.

Kihara na Zabibu walifundisha pamoja miaka mingi baada ya hapo. Kihara ndiye aliyemwandikia wizarani na kumpendekeza awe mkufunzi wa chuo. Alipofariki, baadaye sana, mimi nikiwa nimeshamfahamu, Zabibu alikwenda mazishini na kitambaa chake cheupe, akaombwa aseme machache, akasimulia habari ya chungwa. Waombolezaji walicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mimi nilikutana na Zabibu chuoni, mwishoni mwa miaka ya sabini. Naitwa Warigia. Siku ya kwanza ya somo la sayansi tulingoja atuandikie ubaoni maana ya sayansi, tukiwa tumeshika kalamu tayari. Badala yake alivuta kiti, akaketi mbele yetu, akauliza, "Nyumbani kwenu, mtu akisema jambo, mnajuaje kwamba ni kweli?"

Theuri, mtoto wa mchungaji, alisema hilo si swali la sayansi. Mwalimu akamwambia angoje, huenda mwisho wa mwaka akabadili mawazo. Kingori wa kutoka Timau alijieleza kwa muda mrefu: baba yake aliendesha trekta katika mashamba ya ngano, na kwao kitu hakiwi kweli mpaka kipimwe, gunia liwekwe kwenye mizani, mafuta yaangaliwe kwa kijiti. Zamu yangu ilipofika, niliona haya. Mama yangu aliuza maharagwe soko la Kagio, na mimi nilikulia chini ya meza yake.

"Kwetu," nilisema, "jambo ni kweli mnunuzi akirudi wiki inayofuata."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Zabibu hakucheka.

"Huyo ni mwalimu mkali kweli," alisema. "Amekufunza nini, na amekunyima nini? Usinijibu sasa. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka kujua baba yangu alinipa nini na hakunipa nini. Lakini ujue utakwenda darasani na huyo mnunuzi wako. Huwezi kumwacha nje."

Sikumwelewa mpaka nilipopelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha, shule moja nje kidogo ya Kagio, karibu na kwetu. Niliandaa somo nililolionea fahari. Mama yangu huchanganya maharagwe na majivu ili fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka, wasiyaharibu. Nilijaza chupa ya jemu maharagwe na majivu, nikaiweka dirishani tangu muhula ulipoanza. Siku Mwalimu Zabibu alipokuja kunikagua, niliifungua mbele ya watoto. Hakuna fukusi hata mmoja.

"Mnaona?" niliwaambia. "Majivu yanazuia fukusi. Hii ni sayansi ya nyumbani kwetu."

Watoto walipiga makofi. Baada ya somo Mwalimu aliketi nami kwenye nyasi nje ya darasa.

"Somo lako limenifurahisha. Watoto walikupenda. Chupa ya pili iko wapi?"

"Ya pili gani?"

"Isiyo na majivu. Utajuaje ni majivu yaliyozuia? Labda maharagwe yako hayakuwa na fukusi tangu mwanzo."

Nilimtazama kama mtu aliyeniambia nitupe chakula barabarani. "Mwalimu, nani anaacha maharagwe yaharibike akijua dawa yake?"

Hapo akatabasamu, polepole. "Basi huyo ndiye mnunuzi wako, Warigia. Kwenu jambo likifanya kazi, mnashukuru na kuendelea. Mama yako hawezi kumudu chupa ya pili, na ana haki. Ila wewe sasa ni mwalimu. Lazima uwe tayari kupoteza kidogo ili ujue."

Haikuwa lawama. Nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa chumba katika nyumba yake mwenyewe asichowahi kukiingia. Mkono wangu ulikuwa umekataa kujaza chupa ile ya pili kabla akili yangu haijapata nafasi ya kuifikiria.

Wiki iliyofuata alirudi na maharagwe kutoka jikoni kwake, ambayo fukusi walikuwa wameanza kuyaingia. Tulijaza chupa mbili, moja na majivu, moja bila. Watoto walizitazama kila asubuhi kabla ya gwaride. Muhula ulipokaribia kwisha, chupa isiyo na majivu ilikuwa unga mtupu na wadudu wakitambaa juu ya kioo. Ile ya majivu ilikuwa nzima, ila si kabisa. Tulihesabu fukusi wachache ndani yake, hai.

Habari zilimfikia mama yangu sokoni, kwamba binti yake anaharibu maharagwe shuleni makusudi. Alikuja siku ya soko, kikapu mgongoni, akamkuta Mwalimu Zabibu darasani. Walisalimiana kwa heshima. Kisha mama akaishika ile chupa mbovu, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mwalimu, wewe umenisaidia na huyu mtoto, Mungu akubariki. Lakini hii maharagwe imeniuma."

"Hata mimi, Mama Warigia. Yalikuwa ya kupika kwangu."

Mama akaiweka chini, akachukua ile ya majivu. Aliitazama kwa muda, macho yamekunjwa, vile anavyotazama gunia la mtu asiyemjua.

"Na hii? Mbona iko na hawa wachache? Mulitumia majivu ya mti gani?"

Mimi na Mwalimu tulitazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kuuliza. Niliyachota tu jikoni kwa mpishi wa shule.

"Unafikiri mti una tofauti?" Mwalimu alimuuliza, akivuta kiti karibu yake.

"Mimi sijui. Mimi hutumia ya kuni ile iko. Lakini kuna mwaka ilishika vizuri na kuna mwaka haikushika, na sijawahi jua sababu."

Wakaanza kuzungumza, vichwa vimeinamiana, juu ya kuni za mti wa kahawa na za mgrevilea, ule mti wa kivuli mashambani, juu ya majivu ya kuchekecha na yasiyochekechwa, mpaka kengele ya kwenda nyumbani ikalia na watoto wakabaki mlangoni wakisikiliza. Sikuwahi kumwona mama akiulizwa swali na mtu wa chuo, na sikuwahi kumwona akikiri hajui jambo lolote kuhusu maharagwe.

Kabla ya kuondoka alifungua kikapu chake. Alitoa kasuku moja, ule mkebe wa kupimia sokoni, iliyojaa maharagwe mazuri, mekundu, yale aliyoyaweka kwa wateja wake wa kudumu, akaisukuma mezani mbele ya Mwalimu.

"Hizi sio za kupika," alisema. "Hizi ni za kuharibu. Mukijua ni mti gani, mtume mtoto aniambie."